Walimfuta Uhura akili, Kiswahili kikabaki

MSOMAJI wangu, kuna kipindi kimoja cha runinga ambacho nimekitazama mara nyingi kuliko vidole vya mikono yangu yote miwili, na kila kinapokwisha najikuta nimegawanyika. Nusu yangu hutaka kusimama ipige makofi. Nusu ya pili hutaka kuvua kandambili na kuirusha kwenye kioo. Leo nimeamua kukuletea kesi hii uisikize, kwa sababu nyumbani kwetu tumeijadili hadi chai ikapoa na hatukuafikiana.

Kipindi chenyewe kinaitwa The Changeling, nacho ni kimojawapo cha vile vipindi 79 vya Star Trek ya kwanza, ile ya Kapteni Kirk na Bwana Spock mwenye masikio yaliyochongoka. Kituo cha NBC cha Marekani kilikionyesha kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Ikiwa hukuwa umezaliwa, usione haya, hata mimi nilikuwa bado. Nilikutana nacho miaka ya tisini nikiwa mtoto wa shule ya msingi, wakati ambapo ukitaka kuona kitu kisichoonyeshwa na kituo cha taifa ulikwenda kukodi kanda ya video, ukaitazama mbio mbio na kuirudisha Jumatatu asubuhi kabla hujatozwa faini.

Baba ndiye aliyekuwa na ugonjwa huo. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mtu wa tai na vumbi la chaki, lakini Ijumaa jioni aliingia na kanda mbili kwapani, akatuita sote sebuleni na kuamuru taa zizimwe. Siku hiyo alituambia, "Kaeni vizuri. Leo mtasikia Kiswahili kikizungumzwa huko juu kwenye nyota."

Tulikaa, tukakisikia, na mimi tangu siku ile sijapona.

Hebu kwanza nimtambulishe mwenyewe kwa wale ambao hawajawahi kumwona. Luteni Uhura ni afisa wa mawasiliano katika merikebu ya angani iitwayo Enterprise. Ukiona mwanamke mweusi aliyeketi nyuma ya kapteni, amevaa gauni fupi jekundu na ana kidude kinachong'aa sikioni, basi ndiye huyo. Kila sauti inayoingia au kutoka katika chombo hicho hupita kwake. Mwigizaji wake alikuwa Nichelle Nichols, mzaliwa wa Robbins katika jimbo la Illinois, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwimbaji na mchezaji dansi, na aliwahi kuimba na bendi ya Duke Ellington.

Jina lake lina mkono wetu ndani yake. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru, iliyotungwa na Mmarekani Robert Ruark na kuchapishwa mwaka wa 1962, inayohusu Kenya hii hii yetu ilipokuwa ikikaribia kujitawala. Neno lile liliwapendeza wakubwa wa kipindi, wakalilainisha mwisho wake, likawa Uhura. Kusema kweli riwaya hiyo haimtukuzi Mwafrika, na babu zetu wengi wangeiona wangeitumia kuwashia jiko. Lakini ndiko jina lilikotoka. Jina la kwanza, Nyota, lilichelewa sana: waandishi wa vitabu na mashabiki walilitumia kwa miaka mingi pembeni, na hadi sinema ya mwaka wa 2009 ndipo lilipotamkwa kwenye kioo.

Na The Changeling si mara ya kwanza kwa Kiswahili kusikika ndani ya Star Trek. Tarehe 8 Septemba 1966, katika kipindi cha kwanza kabisa ambacho NBC ilionyesha, The Man Trap, kuna zimwi linalofyonza chumvi kutoka miilini mwa watu. Zimwi hilo linajigeuza kijana mweusi wa kuvutia na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili ili limnase. Naam, Kiswahili cha kwanza katika Star Trek kilitoka kinywani mwa zimwi! Wale wasichana mnaosimamishwa na vijana wenye maneno matamu kule kwenye steji za matatu, Uhura aliwatangulia.

Sasa kisa chenyewe. Enterprise inafika katika sehemu ya anga ambayo ilikuwa na watu bilioni nne, na hakuna hata mmoja anayeitikia wito. Wote wamekufa. Aliyewaua ni kijimashine kidogo chenye ukubwa wa kuweza kupita mlangoni, kinachoelea hewani, na jina lake ni Nomad. Kilirushwa kutoka hapa duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenda kutafuta viumbe wengine. Huko njiani kiligongwa na kimondo kikaharibika, kisha kikakutana na mashine nyingine ya watu wa mbali, ambayo kazi yake ilikuwa kuokota udongo wa sayari na kuusafisha. Mashine mbili zikaungana, amri mbili zikachanganyika. Ikawa sasa Nomad kazi yake ni kutafuta uhai, na kila inachokiona si kamili, inakifuta.

Haimuui Kirk kwa sababu mtu aliyeiunda aliitwa Jackson Roykirk, na iliposikia "Kirk" ikadhani imempata muumba wake. Basi inapandishwa chomboni kama mgeni wa heshima. Kirk mwenyewe anaeleza maana ya jina la kipindi: katika hadithi za kale za Wazungu, mtoto wa mtu huibwa kitandani na mtoto wa majini akaachwa mahali pake. Mashine iliyokwenda siyo iliyorudi.

Hapo ndipo Uhura anapoingia. Yuko kazini kwake, anaimba polepole peke yake, jinsi mtu anavyoimba akichambua mchele. Sauti inasafiri ndani ya vipaza sauti vya chombo na Nomad inaisikia. Inapanda hadi chumba cha uongozi na kutaka kujua kuimba ni kitu gani na kuna faida gani. Kisha inammulika mwanamke yule usoni ili ichunguze mawazo yake, na ikimaliza, hakuna kilichobaki. Amekodoa macho tu. Scott, mhandisi mkuu, anarukia kumwokoa na mashine inamrusha ukutani amekufa.

Sasa sikiliza sababu. Mashine inapoulizwa ilichomfanyia Uhura, inajibu kwamba kifaa kile ni kibovu na mawazo yake ni vurugu tupu. Spock anaieleza kwamba kifaa kile ni mwanamke. Nayo mashine inarudia kwamba ni fungu la misukumo inayogongana. Mwaka wa 1967 watazamaji walitegemewa wacheke hapo. Mimi, msomaji, hapo ndipo mkono wangu unapoanza kuitafuta kandambili.

Scott anafufuliwa. Mashine inaagizwa imtengeneze, inamtengeneza, anaamka anauliza kuna nini. Kwa Uhura haiwezekani, kwa sababu mwili wake hauna jeraha, ila kumbukumbu zimekwisha. Spock anasema ubongo ni mzima, kwa hivyo anaweza kufundishwa upya. Basi Muuguzi Chapel anaketi naye katika zahanati ya chombo na kuanza darasa la kwanza: mbwa ana mpira, mpira una rangi gani, soma tena. Uhura anasoma Kiingereza kama mtoto, anajikwaa, anakasirika. Na anapokasirika, kinachomtoka ni Kiswahili.

Kinamtoka kwa kasi na kwa lafudhi ya Kimarekani, inabidi utege sikio. Lakini ni chenyewe. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza, Uhura anajaribu kulisoma neno la rangi ya buluu na kulikosea, anarekebishwa, anacheka. Kisha kamera inaondoka na hadithi inarudi kwa wanaume na mashine yao.

Ngoja nitoe kwanza furaha yangu kabla sijaanza kulalamika, maana furaha ni kubwa. Fikiria mwaka wenyewe. Mwaka wa 1967 Tanzania ndiyo kwanza ilikuwa ikikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Hapa kwetu, wabunge wa Nairobi walikuwa wakijadiliana kwa Kiingereza peke yake, na hawakuruhusiwa kusema Kiswahili Bungeni hadi Mzee Jomo Kenyatta alipotoa amri mwaka wa 1974. Kwa maneno mengine, Kiswahili kiliingia ndani ya Enterprise miaka saba kabla hakijaingia Bunge la Kenya! Na hapakuwa na sababu yoyote ya kukiweka. Mwandishi wa kipindi, John Meredyth Lucas, angeweza kumfanya Uhura anyamaze, au alie, au alie kwa Kiingereza. Mtu fulani aliamua kwamba mwanamke huyu ana kwao, na kwao kuna lugha, na lugha hiyo ina jina. Kwa mtoto wa Nairobi aliyekuwa akichapwa shuleni kwa kuzungumza Kiswahili siku ya Kiingereza, hilo lilikuwa jambo la kumfanya asilale.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni la hesabu tu. Ikiwa mashine ilifuta kila kitu, Kiswahili kilibaki wapi? Kwa upande mwingine, ikiwa Kiswahili kilibaki, basi si kila kitu kilifutwa, na kwa nini wasianzie hapo? Kwa nini Muuguzi Chapel asimtafute mtu wa kumwambia Uhura "habari yako" ndipo waje kwenye habari za mbwa na mpira? Merikebu ina watu zaidi ya 400. Hakuna Mswahili mwingine?

La pili ni zito zaidi. Kabla kipindi hakijakwisha, Daktari McCoy anatangaza kwa furaha kwamba Uhura amefika kiwango cha chuo, na ndani ya wiki moja atakuwa amerudi kazini. Wiki moja! Mwishoni kabisa Kirk anafanya mzaha, anajitia kuisikitikia mashine kana kwamba amefiwa na mwana ambaye angekuwa daktari mzuri, na pazia linafungwa. Vipindi vinavyofuata, Uhura ameketi mahali pake kama kawaida na hakuna anayegusia jambo hilo tena. Kusoma unaweza kumrudishia mtu. Mitambo ya mawasiliano unaweza kumfundisha upya. Lakini sura ya mama yake? Harufu ya nyumba alikokulia? Wimbo ule aliokuwa akiuimba, nani alimfundisha? Hakuna hata mmoja katika chombo kile anayeuliza. Wamepoteza fundi wa redio na wamempata tena, basi.

Na ukijua yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya kamera, uchungu unazidi. Mfululizo wa kwanza ulipokwisha mwaka wa 1967, Nichols alikuwa tayari kuondoka arudi kwenye jukwaa la kuimba. Amesimulia kwamba katika hafla moja alikutana na shabiki aliyetaka sana kumsalimu, na shabiki huyo alikuwa Dkt Martin Luther King. King alimwambia kwamba hiki ndicho kipindi ambacho yeye na mkewe Coretta huwaruhusu watoto wao wakeshe kukitazama. Aliposikia kwamba anaondoka, akamwambia haiwezekani, kwa mara ya kwanza watu wetu wanaonekana jinsi wanavyopaswa kuonekana. Nichols alibaki. Sasa hesabu: mfululizo wa pili ulianza katikati ya Septemba, na The Changeling ni kipindi chake cha tatu. Mwanamke ameombwa abaki kwa ajili ya watu wake wote, na wiki ya tatu wanampa aimbe kidogo, afutwe akili, asome kitabu cha mtoto. Angekuwa dada yako, ungefurahi?

Lakini alivumilia, na hapa lazima niwe mwadilifu. Kuanzia mwaka wa 1977 shirika la NASA lilimtumia Nichols kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kuwa wanaanga, na katika kundi lililochaguliwa mwaka uliofuata walikuwamo Sally Ride na Guion Bluford. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, aliyeruka Septemba 1992, amesema wazi kwamba ni Uhura aliyemtia hamu. Na Jemison, kwa taarifa yako, alijifunza Kiswahili.

Labda utaniuliza kwa nini mtu mzima nakosa usingizi kwa sababu ya kipindi cha runinga cha zamani namna hii. Ni haki yako kuuliza. Jibu liko katika zahanati ile.

Mwaka wa 2021 Baba alipatwa na kiharusi. Asubuhi alikuwa akibishana na gazeti, jioni alikuwa kitandani, mkono wa kulia umelala na mdomo umekwenda upande. Siku kumi na moja hakutoa neno. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kusema, aliyefundisha Kiingereza zaidi ya miaka thelathini, ambaye aliwasahihisha hata makondakta wa matatu! Siku ya kumi na mbili nilikuwa nikimfuta uso, akanitazama akasema, "Maji."

Nililia hadi muuguzi akaja mbio akidhani amefariki.

Baba alizaliwa Pumwani, Majengo, na wanaoijua Majengo wanajua kwamba Kiswahili kule si lugha ya pili ya mtu. Ni ya kunyonya. Kiingereza alikikuta shuleni, akakipenda, akakivaa. Sasa katika hospitali moja aliyokuwa akipelekwa mara mbili kwa wiki, mtaalamu wa matamshi alikuwa akimwonyesha kadi za picha, na mimi nilikuwa nikiketi kando. Binti mwenye adabu sana, sina neno baya juu yake. Alinyanyua kadi ya mbwa. Baba akahangaika, jasho likamtoka, akasema, "Mbwa." Binti akatabasamu, akasema kwa Kiingereza, jaribu tena, mzee. Akanyanyua mpira. Baba akasema, "Mpira." Na binti akaandika kitu kwenye fomu.

Mbwa na mpira, msomaji. Nilihisi nywele zikinisimama. Nilikuwa nimeketi katika zahanati ya Enterprise.

Nilimuuliza, "Samahani dada, kwani mbwa si jibu?" Akaniangalia kwa huruma, akanieleza kwamba fomu ni za Kiingereza, na katika faili imeandikwa kuwa mgonjwa ni mwalimu wa Kiingereza. Hakuwa amekosea kwa mujibu wa faili. Lakini wiki iliyofuata alikuja na kadi zile zile, na nyuma ya kila moja alikuwa ameandika kwa kalamu neno la Kiswahili. Tangu siku hiyo Baba alianza kwenda hospitalini kwa hiari yake.

Baadaye nilisoma kwamba wasomi wameligombania jambo hili kwa zaidi ya karne. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka wa 1881 kwamba kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu zaidi, kwa hivyo lugha ya utotoni ndiyo inayotarajiwa kurudi mapema. Mwenzake Albert Pitres alimpinga mwaka wa 1895, akasema inayorudi ni ile ambayo mtu aliizoea zaidi kabla ya kuugua. Madaktari wameona wagonjwa wa kila aina, wengine lugha zote hurudi pamoja. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba waandishi wa Star Trek walikuwa wamesoma sayansi. Nakuambia tu kwamba mwaka wa 1967 walibahatisha kitu ambacho mimi nilikuja kukiona kwa macho yangu, kisha wakakipa dakika chache na kicheko, wakakimbilia milipuko. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Walikuwa na hadithi mkononi. Kirk akibishana na mashine hadi mashine ijigundue imekosea na ilipuke, hayo tumeyaona katika vipindi vingine vyao. Mwanamke anayeamka bila chochote isipokuwa lugha ya kwao, hayo hatujayaona popote.

Tena hadithi hiyo imezidi kuwa chungu kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka wa 2022 ulianza mfululizo uitwao Strange New Worlds, ambamo Celia Rose Gooding ndiye Uhura akiwa bado kijana, miaka kadhaa kabla ya Kirk kuwa kapteni wake. Katika kipindi cha pili anasema kwa kinywa chake kwamba ametoka Kenya. Anajua lugha 37. Na anaeleza kwamba wazazi wake na kaka yake walikufa kwa ajali ya chombo cha usafiri. Nilipigia makofi neno Kenya kama kila Mkenya. Halafu usiku, nikiwa kitandani, nikakumbuka The Changeling. Maana yake ni kwamba mashine ile ilipommulika, ilimpokonya wazazi na kaka kwa mara ya pili, na safari hii hata makaburi yao hakuyakumbuka. Na zile lugha 37, zote ziliteremka kama maji ya mvua, ikabaki moja. Nichols mwenyewe alifariki tarehe 30 Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 89.

Basi Pasaka iliyopita, familia ilipokuwa kwa Baba, mtoto wa ndugu yangu, kijana wa shule ya upili ambaye kila kitu kwake kimo ndani ya simu, alikitafuta kipindi kile na kukiunganisha kwenye runinga. Nilisita. Sikujua kama ni vyema Baba akione. Lakini yeye mwenyewe alikwisha kuvuta kiti mbele kwa mkono wa kushoto.

Kijana alicheka mavazi, akacheka mashine inayoning'inia. Kisha akasema jambo la maana: kwamba Nomad inafanana na hizi akili bandia ambazo wanafunzi wenzake hutumia kuandikia insha, inajibu kwa uhakika hata pale ilipokosea, na hakuna anayethubutu kuiuliza mpaka watu wamekufa. Nikamwambia aandike hilo katika insha yake, kwa mkono.

Uhura alipofutwa, chumba kilinyamaza. Zahanati ikaja. Mbwa, mpira. Uhura akakasirika na Kiswahili kikamtoka.

"Lakini shangazi," kijana akasema, "hiyo haiwezekani. Kama walifuta kila kitu, hicho kilibakije? Hapo mwandishi amekosea."

Nilifungua mdomo nimjibu. Baba akainua kidole. Huwa tunamngojea, maana maneno yake sasa huja moja moja, kama abiria wanaoshuka garini.

"Kiko chini," akasema. Akapumzika. "Kiko chini sana. Hawaku... hawakufika."

Kijana akamtazama babu yake, akarudisha kipindi nyuma bila kuambiwa. Tukamsikiliza Uhura tena. Baba aliinamisha kichwa, ameliacha sikio zima upande wa runinga, jinsi alivyokuwa akisikiliza mwanafunzi akisoma kwa sauti darasani. Nikamuuliza, "Unaonaje, Baba?"

Akafikiri kwa muda mrefu. "Matamshi," akasema, akatikisa kichwa. "Nne." Akatafuta neno lililobaki. "Nne juu ya kumi."

Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Na kwenye kioo Muuguzi Chapel alikuwa ameshika lile neno la rangi, anangoja Uhura alisome, na kabla Uhura hajajikwaa, Baba alimwelekezea muuguzi kidole na kumjibu kwa sauti ya darasani, "Buluu!"